Kutafuta Vikasha Msituni Bila Kuumiza Miti Mikongwe

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kakamega



Kuna mchezo uitwao jiokashi, unaowapeleka watu msituni wakiwa na simu mkononi. Mtu huficha kikasha kisichoingia maji, chenye daftari dogo na kalamu, kisha huweka kwenye intaneti namba za GPS za mahali hapo. Mwingine huzifuata namba hizo, huandika jina na tarehe daftarini, na kukirudisha kikasha palepale. Kikasha cha kwanza kilifichwa jimbo la Oregon, Marekani, Mei 3, 2000, mara tu baada ya nchi hiyo kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia.

Msitu wa Kakamega unafaa mchezo huu. Upande wa Isecheno kuna mutere mkongwe ambao wageni huonyeshwa kwa jina la Mama Mutere. Mtoto anayechoka haraka njiani hupata sababu ya kuendelea kutembea. Mgeni naye hulipa kiingilio, huajiri kijana wa kumwongoza, na hununua chakula cha wenyeji.

Hata hivyo, kikasha hakifai kuwekwa kwenye mti mkongwe wenyewe. Chini ya majani mazito mawimbi ya satelaiti hudhoofika, na simu hukosea kwa mita kadhaa. Mtafutaji huzunguka shina, hupekua na kukanyaga. Mizizi membamba inayonyonya maji iko karibu na uso wa udongo. Udongo ukishindiliwa na miguu, maji na hewa havipenyi vizuri. Wengine hubandua gome. Gome la ndani ndilo linaloteremsha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Likiondolewa kuzunguka shina lote, mti hufa polepole. Mti uliokua kwa vizazi haufidiwi kwa mche wa leo.

Njia bora ni hii: kikasha kiwekwe kando ya njia, mbali na mti. Penye mti wenyewe pawe na swali tu, ambalo mgeni atalijibu akiwa amesimama njiani: shina lina umbo gani, au ni mimea gani imeota juu ya matawi yake?

Anayetaka kuficha kikasha azingatie haya:

• Aombe ruhusa kwanza. Isecheno iko chini ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS). Buyangu iko chini ya Huduma ya Wanyamapori Kenya (KWS).
• Asichimbe shimo, asipige msumari mtini, wala asikate tawi.
• Asiweke chakula. Nyani na tumbili watakifuata.

Anayetafuta naye aanze asubuhi, kwa kuwa mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri. Aende na mwongozaji, avae viatu vilivyofunika mguu, na asitie mkono kwenye tundu asiloliona ndani, kwa maana msitu una nyoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ainame basi kando ya njia, na mizizi ya mutere iachwe ipumue, ili wajukuu nao waletwe kuuona.