Usiburute Mtumbwi

Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, wewe unayevua Ziwa Rwakajunju au Mto Kagera, sikiliza. Usiburute mtumbwi wako. Changarawe za ufukweni hukwangua mbao kidogo kidogo. Palipokwanguka, maji hupenya. Ubao huoza, misumari hulegea. Ubebeni. Mkiwa wachache, tandikeni vigogo vya migomba, muusukume juu yake. Migomba huku kwetu haikosekani, na maji yake huteleza vizuri. Narudia: usiburute mtumbwi.

Pia pigilia ubao mwembamba wa mti mgumu chini ya mkuku, urefu wote. Ubao huo ndio ulike, si mkuku. Ukichakaa, ng'oa, weka mwingine.

Leo, upindue mtumbwi wako. Pitisha kiganja chini yake polepole. Ukigusa mkwaruzo, acha pakauke, pazibe, kisha upake rangi kabla hujarudi majini.