Maji yakipanda Lubunga, nani atuambie?

Kimbunga hakifiki Kisangani. Mji uko karibu mno na ikweta, na huko upepo haupati mzunguko wa kuunda kitu kama Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Hofu yetu ni mto. Mwishoni mwa 2023 mto Congo ulifurika, na Januari 2024 maji yalifika mita 6.20 Kinshasa, karibu sawa na rekodi ya 1961. Lakini kipimo cha Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 kwa njia ya mto kutoka hapa Kisangani, hakimwambii mama wa Lubunga, komuni yetu iliyo ukingoni, kama alale au ahamishe watoto. Anayejua ni jirani yake wa ukingoni, na mvuvi wa Wagenia anayeutazama mto kila alfajiri. Habari zao ni ushahidi, na redio yetu iziombe kama ushahidi.

Wapo watakaosema wananchi hutia chumvi, na uvumi huzua taharuki. Kweli, huzua, ila uvumi hustawi penye kimya. Anayepiga simu aulizwe ni avenyu gani, saa ngapi, maji yamefika wapi ukutani, kisha jirani athibitishe. Uongo huchoka upesi kwa maswali hayo. Wengine watasema kazi hiyo ni ya Régie des voies fluviales, idara ya serikali ya njia za mto. Ni yake, wala asinyang'anywe mtu kazi. Lakini kipimo cha bandarini hakioni mtaro ulioziba nyuma ya soko. Basi, msikilizaji wa Lubunga, Mangobo au Kabondo, maji yakikaribia usiku usituambie tu kwamba ni mengi. Tuambie yamefika tofali la ngapi.