Kebo Ipo, Wi-Fi Inakatika: Kutafuta Hitilafu katika Mtandao wa Nyumbani wenye Vituo Vingi

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya mafundi wa mitandao ya majumbani



Malalamiko ya wateja wetu yamebadilika. Zamani mtu alikuita akisema, "Fundi, intaneti haifiki chumbani." Siku hizi anakuambia, "Inafika, ila inakatikakatika." Mteja huyu ameshanunua seti ya Wi-Fi ya meshi, yaani kituo mama na vituo viwili au vitatu vya pembeni. Ameshalipia pia kebo ipitishwe ukutani, ili vituo hivyo vizungumze kwa waya badala ya kupeana data hewani. Ametumia fedha, ametoboa kuta, na bado simu ya video inaganda katikati ya mkutano.

Katika nyumba ya namna hii mshukiwa wa kwanza awe kebo na jinsi ilivyopangwa. Redio isubiri zamu yake. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunafungua programu ya kituo, tunabadilisha chaneli, tunazima hiki na kuwasha kile, tunawasha upya vyote, kisha tunaondoka kabla tatizo halijarudi. Hiyo ni ramli. Inalipa siku moja, na wiki inayofuata simu ya mteja inaita tena.

Kwa nini kebo ilihitajika

Nyumba zetu si rafiki wa redio. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza nguvu ya mawimbi, na sakafu ya ghorofa yenye zege na nondo huyapunguza zaidi, hasa ya gigahezi 5. Mji Mkongwe wa Unguja hali ni ngumu kuliko hiyo, kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huweza kufikia nusu mita ya unene. Vituo vinavyopokezana data hewani katika nyumba hizo vinafanya kazi kwa taabu. Na pale kituo kinapotumia redio ileile kupokea kutoka kwa mwenzake na kupeleka kwa simu ya mteja, kasi hushuka karibu nusu kila data inaporuka kituo kimoja. Kebo inaondoa mzigo huo wote.

Lakini kebo mbovu huweza kuwa hasara kubwa kuliko kutokuwa na kebo. Mifumo mingi ya meshi ikishaona kuna muunganisho kwenye tundu la kebo, huuamini na kuacha njia ya hewani. Waya ukiwa unasuasua bila kukatika kabisa, kituo kinaendelea kuung'ang'ania. Mteja anaona alama zote za Wi-Fi zimejaa kwenye simu yake, na hakuna kinachofunguka.

Kwanza jua tatizo liko upande gani

Chukua kompyuta, fungua madirisha mawili, piga ping mbili kwa wakati mmoja: moja kwenda anwani ya ruta ya nyumbani, mfano 192.168.1.1, nyingine kwenda anwani ya nje kama 8.8.8.8 ya Google. Ziache ziendelee mpaka hitilafu itokee. Ya nje ikikatika huku ya ndani ikiwa imetulia, tatizo liko kwenye fiba au kwa kampuni inayoleta huduma, na huna haja ya kugusa vituo vya mteja. Zikikatika zote mbili, tatizo ni la humo ndani.

Hatua inayofuata, zima Wi-Fi ya kompyuta na uichomeke kwa kebo kwenye kituo cha pembeni kinacholalamikiwa. Ping ya kuelekea ruta kwa waya mzima huwa chini ya milisekunde moja au inaizidi kidogo, na haitakiwi kupotea. Ikipotea hapo, umeshapata mwelekeo: redio haihusiki. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la kebo, kwa hiyo fundi awe na adapta ya USB ya kebo ndani ya mkoba wake. Bila hiyo, kila unachopima kinapita hewani, na huwezi kutofautisha kosa la waya na kosa la Wi-Fi.

Kebo yenyewe

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo kazi zetu nyingi zinapoharibika.

Mteja amelipia kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde. Ukipima karibu na kituo mama unapata karibu zote. Ukipima kwenye kituo cha ghorofani unapata 93 au 94, na kila ukirudia ni hivyohivyo. Namba hiyo ina maana. Muunganisho wa megabiti 100, ukiondoa mzigo wa vichwa vya pakiti, hubakisha takriban 94. Kebo hiyo haijaunganika kwa gigabiti hata kama vifaa vyote viwili vina uwezo huo.

Sababu yake kwa kawaida iko kwenye nyaya nane za ndani. Muunganisho wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, pini 1 na 2, kisha 3 na 6. Gigabiti hutumia jozi zote nne. Waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukiwa haukushika vizuri kwenye kichwa cha RJ45, vifaa vingi hushuka hadi megabiti 100 kimyakimya. Vingine havijui kushuka. Hujaribu gigabiti, hushindwa, hujaribu tena, na taa ya tundu inawaka na kuzimika siku nzima. Hicho ndicho kinachoitwa na mteja "kukatikakatika". Kata vichwa vyote viwili, ubane vipya, upime tena. Gharama yake ni ndogo kuliko ya saa moja ya kubahatisha chaneli.

Kuna kosa la pili ambalo testa zetu za bei rahisi haziwezi kulionyesha. Testa ya taa nane inakuambia waya namba 1 umefika kwenye namba 1, namba 2 kwenye namba 2, basi. Haijui waya upi umesokotwa na upi. Fundi akipanga rangi kwa kufuatana jozi kwa jozi, chungwa, kijani, bluu, kahawia, na akafanya hivyohivyo upande wa pili, taa zote nane zitawaka vizuri. Lakini pini 3 na 6, ambazo lazima ziwe jozi moja, zitakuwa zimechukua nyaya za jozi mbili tofauti. Msokoto ndio unaozuia jozi zisiingiliane. Ukiuvunja hivyo, kebo fupi inaweza kuponea chupuchupu, ila ile ndefu inayopanda ghorofani inapoteza pakiti. Mpangilio wa T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Bluu kuingia katikati ya kijani si urembo. Na usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi karibu na kichwa.

La tatu ni kebo isiyo shaba. Madukani zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Boksi la mita 305 la namna hiyo ni jepesi mkononi kuliko la shaba tupu. Kwangua waya kwa wembe uone weupe chini ya rangi ya shaba. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, huvunjika ikikunjwa mara chache, na haifai kabisa pale kituo kinapopewa umeme kupitia kebo hiyohiyo. Sina neno la upole kwa fundi anayejua tofauti hii kisha akafukia kebo hiyo chini ya plasta ya mteja.

Urefu haupaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na majumbani ni nadra kuufikia. Tatizo la kawaida zaidi ni kupitisha kebo ya mtandao ndani ya bomba moja na nyaya za umeme. Hilo lisifanyike, kwa ajili ya data na kwa ajili ya usalama wa watu.

Na kama kituo kiko kwenye banda la uani au nyumba ya wageni, nje ya jengo kuu, tumia fiba na vibadilishaji vyake viwili. Kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili huweza kuingiza umeme wa radi ndani, ikaua swichi na vituo pamoja. Fiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme.

Mpangilio: nani yuko mbele ya nani

Kebo zikiwa nzima, tazama zinakokwenda. Kifaa cha fiba cha kampuni kwa kawaida ni ruta pia, na kina matundu manne nyuma. Fundi anaona matundu, anachomeka kituo mama kwenye moja na vituo vya pembeni kwenye yaliyobaki. Kwa macho, kila kitu kimeungana. Kwa mtandao, vituo vya pembeni vimewekwa upande wa pili wa ruta ambayo vinatakiwa viwe nyuma yake. Kituo mama kikiwa kinafanya kazi ya ruta, vituo vyote vingine, na swichi inayovigawia, viwe nyuma yake. Mstari ni huu: kifaa cha fiba, kituo mama, swichi, kisha vituo vya pembeni.

Hapohapo angalia ni nani anayegawa anwani. Ruta mbili zikifuatana, kila moja ikitafsiri anwani kivyake, michezo ya mtandaoni na kamera za usalama huanza kuleta matatizo. Na kama zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja na kila moja inagawa anwani, simu moja itapata anwani ya huku na nyingine ya kule. Chagua mmoja awe ruta. Ama kifaa cha kampuni kigeuzwe kuwa daraja tu, ama vituo vya meshi viwekwe katika hali ya kituo cha kusambaza Wi-Fi bila kazi ya ruta. Wenye kuchagua njia ya pili wakumbuke kwamba mifumo mingine hupoteza baadhi ya huduma zake, kama udhibiti wa muda wa watoto.

Kisha kuna mzunguko. Kituo cha pembeni kimeungana na kituo mama kwa kebo, na wakati huohuo kinaendelea kuungana nacho hewani. Pakiti za matangazo zinatoka kwa waya, zinarudi kwa hewa, zinatoka tena. Pakiti za Etheneti hazina umri wa kuishi, kwa hiyo zinazunguka bila mwisho mpaka mtandao mzima unasimama. Radia Perlman alibuni dawa ya tatizo hili mwaka 1985 akiwa Digital Equipment Corporation, nayo ni itifaki ya STP, inayofunga njia moja ili mzunguko usitokee. Vituo vingi vya meshi vina STP au utaratibu wao unaofanana nayo. Swichi za bei nafuu hazina, na baadhi huzimeza pakiti ambazo vituo hutuma kuuchunguza mzunguko, hivyo kituo hakijui kwamba upo. Dalili yake: taa zote za swichi zinapepesa pamoja kwa kasi, hata usiku ambapo hakuna anayetumia. Chomoa kebo moja baada ya nyingine. Mtandao ukipona ghafla, umeipata.

Umeme

Mteja mmoja alilalamika kwamba Wi-Fi ya ghorofani inakuwa mbovu kila usiku na asubuhi inapona. Swichi ilikuwa nyuma ya televisheni sebuleni, na anayelala mwisho alikuwa anazima soketi zote za sebule. Swichi ikizimika, vituo vya juu vinakosa kebo na kurukia hewani, kupitia zege. Tulihamisha swichi, kazi ikaisha.

Umeme unaokatika na kurudi huleta sura nyingine ya tatizo hilohilo. Vifaa vyote vinawaka pamoja, ila havimalizi pamoja. Kituo cha pembeni kinaweza kuwa tayari kabla ya swichi au kituo mama, kikakosa kebo, kikashika hewa, na baadhi hubaki hivyo mpaka viwashwe upya. UPS ndogo kwa kifaa cha fiba, kituo mama na swichi humaliza sehemu kubwa ya usumbufu huu. Soma adapta kabla ya kuchomeka: vingine ni volti 9, vingine 12.

Hewa

Sasa, na si kabla, gusa redio. Kwenye gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 kwa upana wa megahezi 20. Kwenye gigahezi 5, chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada. Kituo kikihisi rada kinalazimika kuhama, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo kinasikiliza kwa sekunde 60 angalau. Wi-Fi ikipotea kwa dakika moja kisha ikarudi yenyewe, jaribu chaneli 36 hadi 48.

Kumbuka pia kwamba simu ndiyo inayoamua kuhama kituo. Apple wameeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine nguvu ikishuka chini ya dBm -70. Vituo vikipiga kelele mno, simu inang'ang'ania cha chini wakati mwenyewe yuko juu. Kwa kuwa kebo ipo, punguza nguvu za vituo. Na vifaa vya zamani vikigoma kuungana, zima kwanza 802.11r, yaani utaratibu wa kuharakisha kuhama kituo, uone.

Mapendekezo kwa semina

Naomba tukubaliane mambo mawili. Fundi asikabidhi kazi mpaka kila kebo imepimwa kwa kasi halisi, kutoka kituo hadi kituo, mteja akiona. Na aache mchoro wa karatasi ndani ya mlango wa kabati la swichi, unaoonyesha kila kebo inakoanzia, inakopita na inakoishia, pamoja na lebo kwenye vichwa vyote viwili. Fundi atakayeitwa baada yetu asilazimike kuchomoa nyumba nzima ili ajue tulifanya nini.