Mshahara wa Dereva wa Winchi na Gharama za Nairobi



Sisi wa reli tumeombwa tuseme machache juu ya wenzetu waendeshao winchi za kuinulia mizigo mizito, au kreni kama vijana wasemavyo. Kazi hiyo twaijua. Behewa likianguka nje ya reli, winchi ndiyo huja kuliinua, na sote humtazama mtu mmoja tu, yule aliyeshika mashine. Mnyororo ukiteleza, hakuna atakayeuliza analipwa kiasi gani. Wataulizana nani amekosa.

Tazameni mjini. Tangu Upper Hill mpaka Kilimani na Westlands majumba yanapanda. Jengo la Britam Tower, lililomalizika 2017, lina urefu wa mita 200. Vyuma vya huko juu havikupandishwa kwa mabega ya watu. Lakini mtu wa winchi, akiisha kuteremka jioni, mara nyingi hutembea kwa miguu mpaka Kawangware au Kangemi, kwa kuwa mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda maradufu. Mwezi wa Agosti 2021 kreni ilianguka Kilimani na wafanyakazi kadhaa wakapoteza maisha yao. Basi tukisema hii ni kazi ya roho mkononi, hatutii chumvi.

Sasa na tufanye hesabu. Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliongeza asilimia 6. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi kilitoka Sh. 15,201.65 kikawa Sh. 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Nyongeza ni Sh. 912.10, yaani kama Sh. 30 kwa siku. Kila mama aendaye sokoni anajua Sh. 30 hununua nini.

Dereva wa winchi ana ujuzi, na hastahili kupimwa kwa kipimo hicho. Lakini wako matajiri wanaokitazama kima cha chini kama dari, hali ni sakafu.

Tena, mshahara ulioandikwa si mshahara uingiao mfukoni. Tuseme mtu ameandikiwa Sh. 30,000. Kwa sheria zilizoanza kutumika 2023 na 2024, bima ya afya ya asilimia 2.75 ni Sh. 825, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni Sh. 450, akiba ya NSSF ya asilimia 6 ni Sh. 1,800. Jumla Sh. 3,075, na kodi ya mapato bado. Hatupingi bima wala akiba ya uzee. Twasema tu kwamba mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu mpangaji wake amekatwa.

Jambo baya kuliko yote ni kulipwa kwa kutwa. Tunao wenzetu waliofanya kazi ile ile, mahali pale pale, miezi mingi mfululizo, na bado wakaitwa vibarua. Upepo mkali ukivuma, winchi lazima isimame. Ikisimama, wa kutwa hana malipo. Je, baba ambaye watoto wake hawakula jana atakubali upesi kwamba upepo umezidi? Ndugu, hapo ndipo mshahara mdogo unapogeuka kuwa ajali, na anayefunga mizigo chini hufa pamoja naye.

Baba zetu waliyaona haya. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika, ikakiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala mtoto, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Mwaka wa pili yake, makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Tom Mboya akasaidia mapatano, na baraza la uamuzi likawapa nyongeza ya asilimia 33. Hawakuipata kwa kunung'unika kila mtu nyumbani kwake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama anunue daftari, aandike mwezi mzima kodi, unga, mafuta ya taa au gesi, nauli na karo, kisha alete chamani. Tukienda mezani na madaftari mia, hatutaambiwa twasema maneno ya mdomo tu. Pili, wa kutwa waangalie siku zao. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja hahesabiwi tena wa kutwa. Apaswa kulipwa kwa mwezi. Wekeni kumbukumbu ya kila siku. Tatu, mapatano yetu yaseme waziwazi kwamba siku winchi inaposimamishwa kwa upepo au kwa ukaguzi, dereva na wasaidizi wake watalipwa.

Hatuombi sadaka. Mtu aliyekabidhiwa tani za chuma juu ya vichwa vya watu na apewe mshahara wa kumlaza usiku bila wasiwasi, ili asubuhi mkono wake usitetemeke.