Vyombo Chakavu na Bustani ya Mlangoni

(Mawaidha yaliyotolewa kwa waumini wa Nyambureti, mkoani Mara)

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Ukizunguka nyuma ya nyumba nyingi utakuta ndoo iliyotoboka, dumu lililopasuka, kiroba kilichochanika, mtungi uliovunjika mdomo na tairi la zamani. Vyote hivi vilinunuliwa kwa jasho, na leo vimekuwa takataka. Na katika nyumba hizo hizo, mvua za masika zikikatika, mama anahesabu shilingi za kununulia fungu la mboga. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 17, imewahesabu wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunawafikiria matajiri na karamu zao. Mimi naona linatuhusu sisi pia, wenye ndoo moja iliyotoboka.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Huyu ndiye kiongozi wa umma. Basi kijana asione haya kuonekana akijaza udongo katika sufuria kuukuu.

Tutazame mfano wa jirani zetu wa Kenya. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilianza kuwafundisha wakazi kulima mboga katika magunia. Kibera hakuna shamba. Kuna kibaraza tu, na kwa wengine hata hicho hakipo. Gunia husimamishwa, na katikati yake huwekwa mkebe uliotolewa kitako na kujazwa kokoto. Pembeni mwa mkebe hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kisha mkebe huvutwa juu kidogo, hujazwa tena kokoto, na udongo huongezwa, hadi gunia lijae. Mkebe ukiondolewa hubaki nguzo ya kokoto inayopitisha maji mpaka chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia sukuma wiki au mchicha, na juu pia hupandwa. Kama wa Kibera wameweza, sisi wenye samadi ya ng'ombe zizini tuna udhuru gani?

Hapa huenda mtu akauliza kuhusu samadi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wanaihesabu kuwa ni najisi, lakini hawakuzuia kurutubishia mimea, na mboga inayoota humo ni halali. Ioshwe vizuri tu kabla ya kupikwa.

Mtungi uliovunjika mdomo nao una kazi. Uzikeni ardhini mpaka shingoni, mpande mboga kuuzunguka, mjaze maji na kuufunika kwa kigae. Udongo wa mfinyanzi huvuja taratibu, na mizizi hunywa kadiri inavyohitaji. Ndoo na makopo yatobolewe chini, maana mizizi huoza maji yakituama, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Kwa sababu hiyo tairi lisiachwe wazi uani. Lijazwe udongo au liondolewe.

Na maji yenyewe? Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, yaani kama robo tatu ya lita au pungufu, na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Sisi tunamwaga kiasi hicho tukisubiri mwenzetu amalize kuzungumza! Maji ya udhu yakikingwa katika beseni yanafaa kabisa kumwagilia. Huko Muscat, Oman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walitengeneza mtambo mdogo wa kusafisha maji ya udhu ya msikiti ili yanyweshee bustani. Kwetu beseni linatosha. Ila maji yenye sabuni nyingi ya unga yasimwagwe kila siku mahali pamoja, kwani chumvi yake huharibu udongo.

Sasa, ndugu zangu, lipo jambo ambalo nawaomba mlisikilize kuliko yote niliyotangulia kusema. Mkoa wetu unalima pamba, na pamba hunyunyiziwa sumu. Chupa na makopo ya dawa hizo ni magumu, yana vifuniko vizuri, na macho huyatamani. Kuna wanaoyasuuza na kuwekea mafuta ya taa, hata maziwa. Hayo hayafai! Sumu hunata katika plastiki na haitoki yote kwa kusuuza, hata mara tatu. Chupa ya namna hiyo isiwe ya kupandia mboga, wala ya kumwagilia, wala mchezo wa mtoto. Isuuzwe mara tatu, na maji yake yatiwe ndani ya bomba la kunyunyizia yakamalizikie kwenye pamba. Kisha itobolewe ili mwingine asiitumie, iwekwe mbali na watoto, na bwana shamba aulizwe mahali pa kuipeleka. Isichomwe uani, kwa kuwa moshi wake pia hudhuru. Sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kudhuru wengine, na anayeokoa bei ya chombo kwa kumnywesha mwanawe sumu hakubana matumizi.

Mboga zikistawi, jirani asisahauliwe. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani, na alitufundisha kwamba chochote kinacholiwa katika alichopanda Mwislamu, na mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake.

Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tutakutana hapa uwanjani, akina mama na vijana pia. Kila mmoja aje na kiroba kimoja na mkebe usio na kitako. Kokoto zipo mtoni. Wenye chupa za dawa ya pamba nyumbani waje kutuambia, wasije nazo.

Wabillahi taufiq.