Picha za Wakimbiaji: Kabla Hamjanunua Lenzi

Mwenyekiti ameniomba niseme machache kuhusu kamera, kwa kuwa mnataka kutoa pesa za kikundi mnunue lenzi ya kupiga picha siku za michezo ya shule.

Nianze na aibu yangu. Siku moja nilipiga picha za watoto wakikimbia, na wazazi wakalipa pale pale. Jioni nilipoziangalia, nyingi zilikuwa ukungu mtupu. Miguu haikuwa na nyayo, na nyuso zilikuwa kama zimefutwa kwa kitambaa. Tulirudisha pesa za watu. Kamera haikuwa mbovu, ila niliiacha ijichagulie mwendo yenyewe.

Ndani ya kamera kuna kipazia kidogo kinachofunguka na kufunga. Mafundi hukiita shata. Sasa tufanye hesabu. Mwaka 2012 kule London, David Rudisha wetu alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia. Hiyo ni karibu mita 8 kwa kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, mwili wake unasonga sentimita 13 kabla haijafunga. Ikiwa ni 1/1000, anasonga milimita 8 tu. Na mguu unaorushwa mbele unaenda mbio kuliko mwili! Watoto wetu si Rudisha, lakini msishuke chini ya 1/500, na 1/1000 ni salama zaidi.

Sasa lenzi. Dukani mtaonyeshwa ya 70-200 yenye f/2.8, na ya 70-300 yenye f/4 hadi f/5.6. Hiyo namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa. Kwa hiyo f/2.8 huingiza mwanga mara nne kuliko f/5.6. Ni lenzi nzuri kweli, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile nyingine, na ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Jiulizeni: sisi tunapiga picha saa ngapi? Michezo ya shule ni mchana. Jua likiwaka, ISO 200 na f/5.6 zinakupa 1/1600 bila taabu. Mawingu yakitanda, pandisheni ISO hadi 800 au 1600. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, lakini mzazi atamtambua mtoto wake. Kwa maoni yangu, ile ya 70-300 inawatosha. Mkipata kazi ya jioni, giza likiingia, kodisheni ile kubwa kwa siku hiyo moja.

Muuzaji atawaambia pia kwamba lenzi fulani ina kifaa cha kuzuia mtikisiko. Ni kweli, lakini kinatuliza mkono wako wewe, hakimsimamishi mkimbiaji. Wengi wamedanganyika hapo, hata mimi.

Fokasi nayo iwe ile inayomfuata mtu anavyosonga. Kwenye Nikon na Sony huandikwa AF-C, na kwenye Canon utakuta neno Servo. Simameni karibu na kona, watoto wakija kuelekea kwenu, maana anayepita ubavuni huharibika upesi zaidi kwenye picha. Jua liwe mgongoni mwako. Na kabla ya yote, mwalimu mkuu na wazazi wawe wamekubali watoto wapigwe picha.

Siku ya kununua, nendeni watu wawili pamoja na mweka hazina, na msitoe pesa mara moja. Ombeni kuijaribu lenzi mlangoni pa duka. Wekeni 1/1000, mngoje bodaboda ipite, mpige ikienda zake. Halafu kuzeni picha kwenye kioo cha kamera mwone kama namba ya nyuma inasomeka. Isiposomeka, jaribuni tena mara tatu au nne. Ikikataa kabisa, rudisheni lenzi na mje nyumbani na pesa zenu.