Andika Ulichokiona: Kutambua Bunduki Kabla ya Kutoa Taarifa
(Mazungumzo na wasimamizi wa wadi na wanahabari wa redio za mashinani)

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumiwa picha ya bunduki iliyookotwa karibu na mto. Nikaandika "AK-47 ya wavamizi." Kufikia jioni, wanakijiji wa ng'ambo ya mto walikuwa wameanza kuhamisha watoto, wakihofia msako. Kumbe ilikuwa G3 ya polisi wa akiba, iliyopotea.

Hizo mbili hata kwenye picha zinajitofautisha. AK, bunduki ya Kirusi, ina magazini iliyopinda kama ndizi, kwa kawaida ya risasi 30. G3 ya Ujerumani ni ndefu zaidi, na magazini yake ni fupi, karibu imenyooka, ya risasi 20.

Kazi ngumu ni kutofautisha ya kijeshi na ndugu yake ya kiraia. HK91 ilitengenezwa na kampuni ile ile ya G3, Heckler & Koch, na kwa nje ni kama pacha. AR-15 na M16 za Marekani vilevile. (Herufi AR ni za jina ArmaLite, kampuni iliyoibuni. Hazina maana ya silaha ya vita, hata kama mitandaoni mnasoma hivyo.) Tofauti kubwa imo ndani: ya kiraia hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, ya kijeshi inaweza kumimina mfululizo. Dalili ya nje ni swichi. Kwenye AK ya kijeshi iko upande wa kulia, ina vituo vitatu: juu imefungwa, katikati ni mfululizo, chini ni moja moja. Ya kiraia haina kile cha katikati.

Lakini swichi hubadilishwa, na vyuma vya ndani pia. Kwa hiyo usiinue bunduki kuikagua. Waite polisi, watu wakae mbali, na mtaalamu wa silaha ndiye atakayesema ni ipi. Tena, kuitwa ya kiraia hakuifanyi halali. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwenyewe lazima awe na leseni.

Kwenye taarifa basi, andika "bunduki inayofanana na AK" na utaje ni nani aliyeithibitisha. Kama hakuna aliyethibitisha, andika "bunduki" tu. Mhariri atanung'unika. Mwache anung'unike.